Mtaka cha Mvunguni

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wala si mwanamichezo. Katika shule yetu ya bweni, huku Uganda, nimefundisha ngeli na methali kwa muda wa miaka 18. Mwaka juzi mkuu wa shule aliniomba niwe mlezi wa timu ya raga, nami nikakubali kwa adabu tu. Tangu hapo nimezijua hofu ambazo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Jumamosi ijayo tuna mchezo mkubwa, na linaloninyima usingizi ni lile lile la mwaka jana: skramu.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na aniwie radhi nimweleze. Litokeapo kosa dogo, kwa mfano mpira kumponyoka mchezaji ukaangukia mbele yake, wachezaji 8 wa kila upande huinama, hufungamana bega kwa bega, kisha pande mbili hukutana na kusukumana. Mpira huingizwa kati yao, chini ya miguu, na kila upande hutaka kuupata. Mstari wa mbele una watu watatu: wa katikati huuvuta mpira kwa unyayo, na wawili wa ubavuni humtegemeza. Hao wawili vijana huwaita propu. Mimi huwaita nguzo. Nguvu yote ya wanaosukuma kutoka nyuma, na ya wapinzani kutoka mbele, hukutana katika mabega na shingo za hao watatu.

Timu yetu ilikuwa na vijana wepesi kama swala, lakini skramu yetu ilikuwa ukuta wa udongo wakati wa masika. Nilipotazama kwa makini niliona kwamba hawakupungukiwa na nguvu, bali kila mmoja alisukuma kwa wakati wake. Mwalimu wa michezo akaniambia, “Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Wafundishe kusikilizana.”

Mwamuzi wa raga hutoa amri tatu kabla ya pande mbili kukutana. Katika mazoezi nikazitoa kwa Kiswahili: “Inama! Shika! Ingia!” Vijana wetu wametoka katika nyumba za Kisoga, Kiganda, Kiacholi na Kilugbara, na wengi wao walikijua Kiswahili kuwa ni somo la mtihani tu. Pale uwanjani kiligeuka kuwa chombo cha kazi. Mmoja wao, mrefu kama mnazi, hakupenda kuinama. Nikamkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alicheka sana, lakini aliinama, mgongo umenyooka na mabega hayashuki chini ya nyonga, kama sheria inavyotaka. Baada ya majuma sita ule ukuta wa udongo ulianza kukauka.

Siku tatu kabla ya mchezo wa mwaka jana, nguzo wetu wa kulia alilazwa kwa malaria. Mwalimu wa michezo akanikumbusha fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2019 huko Yokohama: Uingereza ilimpoteza nguzo wake wa kulia, Kyle Sinckler, katika dakika za mwanzo, ikateswa katika skramu, na Afrika Kusini ikashinda kwa 32 dhidi ya 12. Nao walikuwa watu wazima, mabingwa wa kazi yao. Sisi tulikuwa na kijana mmoja wa akiba, mwenye mabega mapana ya mkulima, ambaye hakupata kufundishwa kusimama mstari wa mbele. Alinijia jioni akasema, “Mwalimu, mimi naweza.”

Usiku ule sikulala. Skramu ikiporomoka, shingo ya asiyefunzwa huwa hatarini. Sheria zinatoa njia: timu isiyo na watu waliofunzwa wa mstari wa mbele imweleze mwamuzi, naye ataamuru skramu zisizo na kusukumana. Lakini wapinzani wetu walisifika kwa skramu yao, na amri hiyo ingewanyang'anya silaha. Basi nikajihoji: je, naitetea shingo ya mtoto wa watu, au nautafutia ushindi mlango wa nyuma? Nakiri kwamba yote mawili yalikuwamo moyoni mwangu.

Kulipokucha nilimpigia simu mwalimu wa timu ya pili. Nikamwambia, “Mwenzangu, nguzo wetu ni mgonjwa, na wa akiba hajafunzwa. Nitamweleza mwamuzi. Nimeona usikie kwangu kwanza.” Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ahsante, ndugu. Hata mimi nisingemwingiza.”

Uwanjani tulizomewa. Walituita waoga, na baadhi ya sauti hizo zilitoka kwa wanafunzi wetu wenyewe. Tulifungwa 17 kwa 12. Yule kijana wa akiba hakunisalimu kwa majuma mawili, maana aliona nimemwaibisha mbele ya wenziwe. Sikumlaumu. Sisi walimu huwahimiza watoto kutwa kwamba penye nia pana njia. Siku mmoja anapokuja na nia yake yote mkononi, ni vigumu kumwambia kwamba njia hiyo bado hajaifunza.

Juma la tatu alikuja mwenyewe mazoezini, akajipanga karibu na yule aliyepona malaria, akasema, “Nifundishe.” Mwaka mzima amejifunza. Jumamosi atasimama kulia, mstari wa mbele, na safari hii sina cha kumwambia mwamuzi. Skramu yetu bado si imara kama yao. Nitakaa pembeni, moyo ukinidunda, na mwamuzi atakapotoa amri zake, midomo yangu, najua, itazitamka kwa Kiswahili.