Sentimita Tisini

Broka akikuambia anauza "thumuni ya ekari" kule Kitengela au Kamulu, mara nyingi anauza hamsini kwa mia. Piga hesabu mwenyewe. Ekari ni futi mraba 43,560, kwa hivyo thumuni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Futi mraba 445 zimeenda hapo, nafasi ya bedsita nzima na kibaraza chake, na wala hakuna anayeshtuka. Tumezoea tu.

Mimi hulipwa nisizoee. Nafanya kazi katika ofisi ya mpima ardhi hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kukagua hesabu ambazo mtu mwingine ameshazimaliza. Si kazi ya kupiga picha uweke Instagram. Wenzangu wanavaa buti na kubeba mashine kwenye jua la Kajiado. Mimi nabaki na daftari la vipimo, kalkuleta na kalamu nyekundu.

Ukaguzi wa kwanza si mgumu kueleza. Mpima anaanza kwenye bikoni inayojulikana, anazunguka shamba lote, anarudi pale pale. Shamba likiwa na kona nne, pembe za ndani lazima zijumlike digrii 360. Hatua zote za kwenda mashariki, ukitoa za magharibi, zibaki sufuri. Kaskazini na kusini vivyo hivyo. Kwa kweli sufuri kamili karibu haitokei. Vinabaki visentimita, na hivyo vina utaratibu wake wa kugawanywa. Vikizidi kiasi, hakuna kuvigawanya wala kuvifunika: watu wanapanda gari wanarudi shambani.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba hesabu inaweza kufunga vizuri na bado iwe uongo. Ukianzia bikoni isiyo yenyewe, umbo litatoka safi, ila shamba lote limehamia kwa jirani. Ukipima kwa futikamba iliyovutika, kila upande utasomeka mfupi kwa kiwango kilekile; pembe hazitajua, na jumla haitajua. Ndiyo maana lazima uguse bikoni ya pili inayojulikana, na ya tatu ikipatikana. Shahidi anayejitolea ushahidi mwenyewe hatoshi.

Na hapo bado hatujachora.

Mwaka fulani alikuja mama mmoja na bahasha ya kaki. Ploti yake ilipimwa na ofisi nyingine zamani: futi 50 kwa 120, yaani mita 15.24 kwa 36.58. Vipimo vya shambani vilikuwa sawa. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini aliyenakili kwenye mchoro aliandika 35.68. Tarakimu mbili zilibadilishana viti. Baadaye greda ya barabara iking'oa bikoni, zikarudishwa kwa kufuata mchoro, na jirani wa nyuma akajenga ukuta na kuchimba shimo la choo papo hapo. Sentimita tisini kwa upana wote wa ploti ni karibu mita mraba 14. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi sasa walikuwa wanapitisha salamu kwa chifu.

Kilichoniuma ni kwamba karatasi yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Chini yake ukubwa uliandikwa hekta 0.0557. Zidisha 15.24 kwa 35.68 na utapata 0.0544. Namba zilikuwa zinabishana kwenye ukurasa mmoja miaka yote hiyo, na hakuna aliyezisikiliza. Tena, tarakimu mbili jirani zikibadilishana, tofauti inayotokea hugawanyika kwa tisa kila mara. Tisini! Kosa lilikuwa limeacha hadi kitambulisho chake.

Sisi kuliona kulichukua dakika kumi. Ule ukuta ulikuwa bado umesimama mara ya mwisho niliposikia habari zao.

Si kila ramani inakupa usahihi wa kugombania sentimita, na hili nalo ni muhimu. Ramani za masijala za mashamba mengi ya mashambani zilichorwa kwa kipimo cha 1:2500. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za udongo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema wazi kuwa mipaka isipokuwa imethibitishwa rasmi kwenye daftari la usajili, ramani inaonyesha makadirio tu. Kwa hivyo ule ua wa kayaba wa babu yako huenda una neno zito kuliko rula. Na ile doti ya bluu kwenye simu, ambayo huweza kukosea kwa mita kadhaa, isikupeleke kwa jirani na panga.

Mkuu wetu ofisini amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Bado akimaliza hesabu zake huniletea mimi, mdogo kuliko wote, na kuniambia, "Binti, tafuta kosa langu." Siruhusiwi kuona majibu yake kabla sijapata yangu. Kisha mmoja anasoma mchoro kwa sauti, mwingine anafuata kwenye daftari, halafu tunarudia kutoka chini kwenda juu, maana jicho likishazoea njia huona linachotarajia.

Mwanzoni niliona aibu kumkagua mzee. Nyumbani tulilelewa kuamini kwamba kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Siku hizi naona ile ndiyo heshima yenyewe: heshima kwa mtu ambaye hatutawahi kumwona, atakayekuja kuchimba msingi mwaka wa 2050 akiwa na karatasi yetu mkononi.

Kwa hivyo ukionyeshwa ploti Jumamosi hii, kabla ya kupiga selfi, omba mchoro. Chukua simu, zidisha upande kwa upande, linganisha na ukubwa ulioandikwa chini. Broka akikuuliza kama humwamini, mwambie hata sisi kwa sisi hatuaminiani, na ndiyo maana tunaelewana.