Tulilipia satelaiti isiyokuwepo

Kikundi chetu cha walimu kilinunua motokari iliyotumika Japani. Radio yake ilitoa kelele tu, hata Radio Okapi hatukuipata. Kijana mmoja akasema inangoja satelaiti. Akachukua dola 20 za likelemba ili aifungue. Kelele zikabaki, naye hakurudi.

Fundi mwingine alitueleza bila kutuchekelea: FM ya Japani huanzia 76, na radio ile iliishia 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Akaunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena, kinachoteremsha namba hizo. Sasa tunasikia habari.

Dola zile zilikuwa minerval ya mtoto. Kila siku tunafundisha watoto kuuliza. Sisi wenyewe tuliona haya kuuliza.