Hukumu ya Alice na programu yangu

Leo nimeisoma tena hukumu ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 2014. Alice walikuwa na hataza za mtu wa kati anayehakikisha kila upande una uwezo wa kulipa kabla pesa hazijapita. Majaji wote 9 walisema hilo ni wazo la kale. Kulitia kwenye kompyuta ya kawaida si uvumbuzi.

Mimi niliacha programu ya aina hiyo njiani mwaka 2012. Mteja wangu wa kule aliogopa kushtakiwa, nami nikakosa malipo.

Kinachonikera: majaji walikataa kuchora mpaka wa "wazo tupu". Nikimwandikia mteja yule leo, nimwambie asiogope nini?