Majengo ya Nairobi na Jirani Zake



Jamaa zetu wengi wapandao treni pale Miritini kwenda Nairobi huwa na haja mbili: kumwona daktari, ama kununua bidhaa Islii. Wakishatimiza haja zao hurudi pwani wakiamini kwamba Nairobi ni mji wa watu wa bara, na kwamba sisi huko tu wapita njia. Wiki hii twapenda kuwatembeza katika mitaa ya mashariki mwa jiji, iitwayo Eastlands. Waanze kwa kuyasoma majina yake tu: Majengo, Makadara, Ziwani, Kaloleni, Pangani, Shauri Moyo. Majengo, Makadara na Ziwani tunazo hapa Mombasa; Kaloleni iko Kilifi; Pangani ni mji wa mrima, kusini ya Tanga; Shauri Moyo iko Unguja. Hata Kariokor ni ndugu wa Kariakoo ya Dar es Salaam, kwani majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambacho maelfu ya watu wake hawakurudi makwao.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Pamoja na mafundi wa Kihindi walikuja wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu. Wakajijengea vijiji kandokando ya mji mpya: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja ambacho kiliitwa Mombasa. Wakoloni hawakuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapima viwanja mahali paitwapo Pumwani, wakaamuru Waafrika wahamie huko, na vijiji vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ilidumu kuliko vyote, nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kiini cha Pumwani ndicho Majengo. Mgeni wa pwani akiingia katika nyumba ya zamani iliyosalia haoni ugeni wowote. Mlango wa mbele unafungukia ukumbi mrefu, vyumba viko kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi ni uani penye jiko na choo. Kuta ni za fito na udongo, na mapaa ya awali mengi yalikuwa ya madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kupigwa misumari. Mwenyewe alikaa chumba kimoja, vingine akavipangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyosomesha watoto na kuuguza wazee.

Na huyo mwenyewe, mara nyingi, alikuwa mwanamke. Hili ndilo tunalotaka akina mama walizingatie. Waliochunguza mitaa hii wamekuta kwamba katika Pangani ya zamani, na baadaye Pumwani, zaidi ya thuluthi ya nyumba zilimilikiwa na wanawake. Wengi walitoka mashambani, wengine wamekimbia ndoa, wengine wajane, wengine hawakujaaliwa kizazi. Na kwa mila za makwao mwanamke hakurithi ardhi. Mjini walisilimu, wakakuta dini inayompa mwanamke mali kwa jina lake mwenyewe, wala mumewe hana amri juu yake. Baadhi yao walipata fedha za kujengea kwa kupika na kuuza chakula, na baadhi kwa njia ambazo sisi hatuwezi kuzihalalisha. Lakini hatuoni sababu ya kuwafuta katika historia kwa ajili hiyo. Hesabu yao iko kwa Mola wao, na Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Waliokosa watoto walilea mabinti wa wenzao, wakataka nyumba ziwafikie hao. (Tukumbushane hapa: mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi. Njia yake ni hiba angali mlezi yu hai, au wasia usiozidi thuluthi.)

Tatizo lilikuwa moja, nalo wasomaji wetu wa Mombasa watalifahamu upesi, maana ndilo lile letu la nyumba bila ardhi. Mwanamke wa Majengo alimiliki kuta na paa. Kiwanja kilibaki mali ya baraza la mji. Pangani ilipovunjwa, wenye nyumba wake walipelekwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na baraza lenyewe, wakapewa haki ya kukaa na kupangisha kwa muda wa uhai wao tu. Walichojengewa hawakuweza kukirithisha. Mama aliyekuwa na nyumba ya kumwachia bintiye akafa akiwa mpangaji wa serikali. Mtaa wa California nao ulijengwa baada ya uhuru ili kuwahamishia baadhi ya watu wa Pumwani, na siku hizi magorofa yanaota Majengo kwenyewe, kila moja mahali palipokuwa na ukumbi na uani. Hatusemi kwamba nyumba za udongo zidumu milele. Mvua za masika zina habari zake, na choo kimoja kwa wapangaji wa vyumba sita si fahari ya mtu. Tunauliza tu jina la nani limo katika karatasi ya gorofa jipya.

Kwa anayetaka kuzuru, basi atoke kitovu cha jiji kwa matatu nambari 6 au 9 ziendazo Islii, au atembee kupitia Muthurwa, penye soko, karibu na zilizokuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Pumwani aende asubuhi. Barabara yake moja yaitwa Digo, jina lisilohitaji kuelezwa kwa watu wa Kwale. Msikiti wa Riyadha upo hapo, na jina lake litamkumbusha kila mmoja wetu Lamu. Pia kuna hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambapo wakaazi wa Nairobi wasiohesabika walizaliwa. Gikomba ni jirani, soko kubwa la mitumba. Mikoba ishikwe mbele, viatu viwe vya kustahimili tope, na bei ya kwanza isikubaliwe. Soko hili huungua mara kwa mara. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na wachuuzi wakajenga vibanda upya.

Kamukunji watakusikizisha nyundo kabla hujawaona mafundi. Masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni, majiko na sufuria hufuliwa papo hapo, na bei ni nafuu kuliko madukani. Uwanja wa jina hilo ndio uliohusishwa na mkutano wa Saba Saba wa mwaka 1990, wa kudai vyama vingi. Lakini kwa wapenda historia twawashauri wavuke hadi Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe na miti ya kivuli, wakauone ukumbi wake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh, Mhindi na kiongozi wa wafanyakazi, alisimama mbele ya Waafrika na Wahindi akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Haikupita miezi miwili akatiwa kizuizini, akakaa humo zaidi ya miaka kumi.

Islii hatutaisemea sana, kwani akina mama wanaijua kuliko sisi: mapazia, abaya, madira, na maziwa ya ngamia kwa anayeyaweza. Misikiti yake mingi ina sehemu ya wanawake, hivyo swala isiwe udhuru wa kuharakisha.

Kariokor iwe ya mwisho. Sokoni kuna vyondo na viatu vya ngozi vishonwavyo machoni pako. Huko Kariokor ndiko pia yaliko makaburi ya Waislamu. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu wanawake kuzuru makaburi. Mwenye kuchelea na asimame nje ya ukuta, atoe salamu, na awaombee waliolala humo, wakiwemo wale wenye nyumba wa Majengo ambao hawakuacha mtoto wa kuwaombea.