Barua kwa Mpwa Wangu Asomaye Usiku

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku Pangani tu wazima, mama yako hajambo na maumivu ya mguu wake yamepungua, na waraka wako ulioandika katika zamu yako ya usiku huko Tabora umenifikia siku ya Ijumaa, nikausoma mara mbili kabla ya sala na mara ya tatu baada yake. Waniambia ya kwamba katika saa zile za usiku wa manane, wagonjwa wakiisha kulala na wodi ikiisha kutulia, umekuwa ukijiliwaza kwa riwaya za upelelezi; kwamba umezimaliza za Elvis Musiba na Willy Gamba wake, umezimaliza za Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, na sasa umekwama, huna la kusoma; na kwamba ukiingia dukani na kuona vitabu vimetengwa, huku ushairi, huku tamthilia, huku historia, wahisi ya kuwa vyote hivyo ni vya watu wa mitihani, wala havikuandikwa kwa ajili yako. Neno hili la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza nakusihi usiione haya riwaya ya upelelezi, wala usiitaje kwa unyonge kama ulivyoitaja katika barua yako, kwani mimi mjomba wako niliingia katika nyumba ya vitabu kwa mlango huohuo. Mwaka 1961, nikiwa na umri wa miaka 15, jamaa yetu mmoja aliyekuwa akisafiri na mashua baina ya Unguja na hapa alituletea nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Nilikisoma kwa kibatari mpaka mafuta yakakatika, nikaamka alfajiri kabla ya wengine ili nijue mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, atalifumbuaje fumbo la maiti iliyokutwa mzimuni. Nilipokichukua shuleni ili nikirudie, mwalimu mmoja alininyang'anya, akanambia kitabu cha namna ile huharibu akili ya kijana, na sikukiona tena. Nimemsamehe zamani, lakini sikukubaliana naye hata siku moja, na leo, umri wangu umepita miaka 78, bado sikubaliani naye.

Kwa kuwa kitabu kilikwisha kutoka mkononi mwangu, nilibaki nacho kichwani, na huko ndiko nilikopata jambo ambalo nataka ulisikie vizuri. Nilijiuliza: hiki nilichokipenda hata nikakililia, ni kitu gani hasa? Nikaona si mauaji, maana muuaji nilikwisha kumjua, na fumbo likiisha kufumbuliwa halina utamu wa pili. Nilichokitamani ni Unguja yenyewe, watu wake na mazungumzo yao, na namna Bwana Msa alivyomsikiliza kila mtu kwa adabu huku akilipima neno lake. Basi sikuhitaji kutafuta kitabu kingine cha mauaji. Nilihitaji kutafuta kitabu kingine, cha aina yoyote ile, ambamo mambo hayo yangekuwamo. Tangu hapo, kila nimalizapo kitabu kilichonigusa, huuliza swali hilohilo kabla sijakirudisha mahali pake, na jibu lake ndilo hunionyesha kitabu kinachofuata, hata kama kimewekwa katika rafu ambayo sikuwahi kuisogelea.

Na swali hilo lilinifikisha mbali, ijapokuwa lilinichukua miaka mingi, kwa sababu vitabu havikuja kwa mfululizo kama ninavyokusimulia sasa. Kiu ya Unguja ilinifikisha kwa Mohammed Suleiman Mohammed na Nyota ya Rehema yake ya mwaka 1976, ambamo hakuna mpelelezi, lakini mna msichana aliyenyimwa nafasi yake katika nyumba ya baba yake mwenyewe, na dhuluma ile ilinichoma kuliko maiti yoyote ya mzimuni. Baadaye sana, kiu hiyohiyo ilinipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, na Yasmin wake anayeozwa mume mzee akali msichana mdogo, naye akatoroka na kujikuta miongoni mwa watu wanaopigania uhuru. Nikawa najiuliza: je, wanawake hawa wa riwaya, waliokataa kukaa pale walipowekwa, walikuwako kweli? Ndipo niliposhika kitabu ambacho kwa miaka mingi nilikiona kwa muuza vitabu nikakipita, Wasifu wa Siti binti Saad alioutunga Shaaban Robert, na humo nikamkuta binti wa Fumba aliyeuza vyungu katika ujana wake, naye akaja kuwa mwimbaji ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928. Nilikipita kwa sababu nilidhani wasifu ni kitabu cha tarehe na vyeo. Nilikuwa nimekosea kabisa, na kosa lile lilinigharimu miaka.

Kutoka kwa Siti nilitaka kumjua yule aliyemwandika kwa heshima kubwa namna ile, mtu wa kwetu Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa serikali karibu maisha yake yote. Nikasoma Maisha Yangu, ambamo anaomboleza mkewe Amina kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, maana nataka uyakute mwenyewe. Wewe unayewafunika watu mashuka na kuwasubiri jamaa zao mlangoni, utayaelewa kuliko mimi. Ndani ya kitabu hichohicho mna tenzi mbili, moja ya kumwasa mwanawe wa kiume na moja ya kumwasa binti yake. Nami niliyejiapiza kuwa tenzi ni kazi ya madarasani nilijikuta nimezisoma zote mbili bila ya kulazimishwa na mtu, kwa kuwa nilikwisha kumpenda baba aliyezitunga. Nilipoambiwa ya kwamba kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa namna hiyo, nilikwenda kuutafuta, nikapambana na lugha yake ya kaskazini mstari baada ya mstari, na yako maneno ambayo hata leo huyafumbua kwa kumwuliza mtu wa Lamu. Sikubaliani na yote anayomwagiza binti yake kuhusu mume, na sidhani kama nawe utakubaliana. Bali ni vigumu kusoma mama mgonjwa anavyomwita mwanawe aje na wino na karatasi, ukabaki kama ulivyokuwa. Na kwa sababu mambo ya wanawake na maandishi ya siri ya moyo yalikuwa yameniteka, sikushangaa mtu aliponiazima Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo yote ni barua ya mjane kwa rafiki yake, nikaona kuwa Dakar na Pangani si mbali kama ramani inavyodai.

Waona basi: kutoka maiti ya mzimuni hadi mjane wa Senegal, nikipitia riwaya, wasifu, tawasifu na utenzi, na hakuna hata mara moja niliposema, sasa na tuonje ushairi, sasa na tuonje historia. Mtu akisoma kwa kuhesabu aina, kama anayetimiza wajibu, huchoka upesi.

Kuna jambo moja la kukiri, nalo silisemi kwa wepesi. Katika ujana wangu nilikuwa mmoja wa wale walioshikilia ya kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka 1954, kilikuwa karibu na kitanda changu, na nilipokaa barazani na wenzangu hatukuwa na huruma kwa mtu aliyekosea mizani hata moja. Ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata kaida zile, niliinunua kwa pesa zangu si kwa kutaka kuisoma bali kwa kutaka kuishutumu. Nikajaza pambizo zake maneno makali kwa wino wa bluu, kisha nikaifungia sandukuni kwa miaka kumi na mmoja.

Kilichonirudisha kwake hakikuwa hoja ya mhakiki yeyote. Mwaka 1985 nilipata riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, habari ya mume na mke wa Ukerewe wanaopendana na kukosa mtoto. Mzee yule aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, asipate wa kuichapa; akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kilipotoka yapata miaka thelathini na mitano baadaye, naye alikuwa ukingoni mwa maisha yake, akafariki 1981. Nilikisoma kwa majuma, kurasa chache kwa siku, maana ndani yake watu hulima, huvua, hutibiana, huombana radhi na kupikiana pombe bila ya haraka yoyote, na nilipokimaliza nilikuwa na njaa ya kisiwa kile. Nikauliza, ni nani mwingine wa Ukerewe aliyeandika? Nikajibiwa: Kezilahabi. Nikasoma Rosa Mistika, habari ya baba aliyedhani ukali peke yake utamlinda bintiye, nikailaza kifuani na kutafakari namna nilivyokuwa nikiwalea wangu. Ndipo nikafungua sanduku. Katika Kichomi nikamkuta mtu anayesema na nafsi yake kwa sauti ya chini mno, sauti ambayo vina vingeifunika, kama ngoma inavyomfunika mtu anayenong'ona. Na yale maneno yangu ya pambizoni yakanitazama. Sikuacha kupenda vina, na Muyaka wa Mombasa nitamsoma mpaka macho yakatae, lakini miaka ile kumi na mmoja naihesabu kuwa hasara.

Kwa hiyo kitabu kikikushinda leo usikihukumu, na usikipe jina baya. Kiweke kando, andika tarehe, ukirudie ukiwa mtu mwingine. Weka daftari dogo, uandike humo kwa kila kitabu si jina lake tu, bali pia nani au nini kilikuonyesha njia ya kukifikia. Soma dibaji, hususan ukiisha kumaliza kitabu, maana mwandishi aghlabu huwataja humo waliomtangulia, na kutajwa huko ni kama kuelekezwa nyumba ya jirani. Kwa wauza vitabu vikuukuu wanaovitandaza chini kando ya barabara, usiangalie jalada. Simama usome kurasa mbili za katikati, ambapo mwandishi hajipambi tena. Na waulize watu. Mgonjwa mzee asiyepata usingizi huenda akawa na utenzi mzima kichwani.

Juu ya Tabora yenyewe nina la kukuambia, kwa kuwa waishi katika mji ambamo misafara mingi ya bara ilipumzika. Kuna Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikachapishwa 1994, na Ida Hadjivayanis akatutilia katika Kiswahili, ikatoka 2022. Isome, umfuate kijana Yusuf aliyetolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake. Kisha, ukitaka kujua misafara ile ilisimuliwaje na mwenye msafara, soma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Ni Kiswahili kikavu, chenye nguvu, na ni kitabu cha kutisha, maana anahesabu pembe za ndovu na vijiji vilivyoteketea kwa sauti moja. Riwaya imempa sauti yule ambaye tawasifu haikumwona. Kadhalika Vita vya Maji Maji: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, na Ebrahim Hussein mzaliwa wa Kilwa akaviandikia tamthilia, Kinjeketile, mwaka 1969, mmoja anakuonyesha vita vinavyopita nchini, mwingine anakuingiza katika hofu ya mtu mmoja aliyesema neno likamponyoka. Ukivisoma karibu karibu, hutauliza tena kwa nini kuna rafu nyingi.

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Nenda kakichukue Alhamisi, na utaje jina langu. Mna Mzimu wa Watu wa Kale, si ile niliyonyang'anywa, bali nyingine niliyoinunua nikiwa mtu mzima. Mna Wasifu wa Siti, ambao mama yako alitia alama za penseli alipokuwa na mimba yako, wala hakupata kuniambia kwa nini alizitia pale alipozitia, mwulize wewe. Na mna ile Kichomi yangu. Wewe muuguzi wajua vyema kichomi ni maumivu ya wapi. Wino wa bluu uliomo pambizoni ni wa mwaka 1974, na wino mweusi ulio chini yake ni wa 1985. Sikuufuta wa kwanza, nawe usiufute. Nafasi iliyobaki upande wa kulia ni yako.

Wasalimie wote walio nawe zamuni.

Mimi mjomba wako akupendaye,
Pangani