Mgeni wa Ghuba ya Chesapeake

Upande wa mashariki wa Marekani, bahari ya Atlantiki imeingia ndani ya nchi kavu na kufanya ghuba kubwa iitwayo Chesapeake. Urefu wake wapata maili 200, na mito mingi humwaga maji yake humo: Susquehanna, Potomac, Rappahannock, York na James. Kwa sababu hiyo maji ya ghuba hayana hali moja. Kaskazini, katika jimbo la Maryland, yanakaribia kuwa matamu; na kwa kadiri mtu aendavyo kusini, katika jimbo la Virginia, chumvi huzidi, mpaka afikapo lango la bahari lililo kati ya rasi mbili, Cape Charles na Cape Henry. Hapo tangu mwaka 1964 pana njia ya motokaa inayopita juu ya bahari kwa madaraja na chini yake kwa mapango yaliyojengwa, ili merikebu kubwa zisizuiwe.

Ndani kidogo ya lango hilo pana mahali paitwapo Hampton Roads. Hapo mto James unapoingia ghubani maji ni ya kina na yametulia, na pande zote imesimama miji ya bandari: Norfolk, Newport News, Hampton na Portsmouth. Manowari za Marekani zina kituo chao kikubwa hapo. Tena ni mahali penye kumbukumbu nzito kwa mtu yeyote wa Afrika, maana ni hapo, katika rasi ya Point Comfort, ambapo mwezi wa Agosti 1619 waliteremshwa Waafrika ishirini na ushei waliotekwa Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Hao ndio Waafrika wa kwanza wanaotajwa katika habari za koloni ya Kiingereza ya Virginia.

Leo shughuli kubwa ya bandari hiyo ni makaa ya mawe. Treni huyaleta kutoka milimani, na merikebu huja kuyachukua na kuyapeleka nchi za ng'ambo. Msomaji na alishike neno hili la makaa, kwa kuwa lina maana katika habari inayofuata.

Utajiri wa Chaza

Tangu kale watu wa ghuba hiyo waliishi kwa chaza. Katika karne ya kumi na tisa chaza wa Chesapeake walikuwa wengi hata miamba yao ilikuwa hatari kwa vyombo vya baharini, na makombe yao yalitengenezea barabara na chokaa. Watu wakavua pasipo kipimo. Kisha mwaka 1959 ukaonekana katika ghuba ugonjwa ambao haumdhuru mwanadamu hata kidogo, lakini humwua chaza. Na ugonjwa mwingine wa namna hiyo ulikuwapo pia. Mavuno yakashuka mpaka yakabaki sehemu ndogo tu ya yale ya zamani. Mwisho wa karne ya ishirini wavuvi wengi wa Virginia walikuwa wamegeukia kaa, na kome wenye makombe magumu ambao hujizika mchangani. Chaza waliosalia walitunzwa kama mbegu ya mwisho katika ghala.

Basi mtu mwenye mbegu chache huogopa kila panya. Ndivyo ilivyokuwa hali ya watu wa Chesapeake alipofika mgeni wao.

Konokono Asiyejulikana

Katika kijiji cha Gloucester Point, ukingoni mwa mto York, pana Chuo cha Elimu ya Bahari cha Virginia. Moja ya kazi za chuo hicho, iliyoanza mwaka 1955, ni kukokota wavu katika ghuba na mito kwa nyakati zilizopangwa, na kuhesabu samaki na kaa wanaonaswa. Ni kazi ya subira: mahali pale pale, wavu wa namna ile ile, mwaka baada ya mwaka, na kila hesabu huandikwa katika daftari.

Wakati wa joto wa mwaka 1998 wavu huo ulikokotwa katika Hampton Roads ukamtoa konokono mkubwa ambaye waliokuwa chomboni hawakumjua. Virginia ina konokono wakubwa wa asili, na kila mvuvi huwafahamu kwa umbo lao. Huyu alikuwa mnene, mzito, karibu kuwa wa mviringo. Kombe lake lilikuwa la rangi ya kijivu na hudhurungi lenye mistari myeusi iliyokatikakatika kama mishipa, na mdomo wake kwa ndani ulikuwa wa rangi ya chungwa. Hawakumtupa. Walimpeleka chuoni, naye akatambuliwa kuwa ni yule ambaye wataalamu humwita Rapana venosa.

Jina hilo liliwashtua. Kwao konokono huyo ni mbali mno: bahari za Uchina, Korea na Ujapani. Hakuna aliyepata kumwona katika pwani ya mashariki ya Marekani. Tena hakuwa peke yake, kwa maana vilipatikana na vifuko vya mayai. Jike hutaga vifuko vingi vilivyosimama pamoja kama zulia la manyoya, vikiwa vya rangi ya manjano kwanza, kisha hugeuka vyeusi. Na ndani ya kila kifuko mna mayai kwa mamia. Mgeni mmoja aweza kuwa mpita njia. Lakini mgeni anayezaa amekwisha kujenga nyumba.

Tabia Zake

Rapana hula nyama. Chakula chake ni chaza, kome na jamaa zao wote wenye makombe mawili. Akiwa mdogo hutoboa tundu katika kombe la mnyama anayemla. Akiwa mkubwa humkumbatia, humbana mpaka afungue, kisha humla, na mara nyingi haachi alama ya wazi. Mvuvi huona kombe tupu tu, asijue ni nani aliyeingia ghalani. Mchana hupenda kujizika mchangani, na usiku hutoka kwenda kuwinda. Aweza kufikia urefu wa inchi saba. Tena huvumilia baridi na joto, na huishi hata mahali ambapo chumvi imepungua, ijapokuwa hawezi kupanda mpaka kwenye maji matamu.

Watu walikuwa na sababu ya kumwogopa, maana sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Katika miaka ya 1940 alionekana katika Bahari Nyeusi, kwenye bandari ya Novorossiysk katika nchi ya Urusi. Kutoka hapo akaenea pwani zote za bahari hiyo, na matuta ya chaza na kome katika sehemu nyingi yakaharibika. Katika miaka ya 1970 akaonekana Italia, kaskazini mwa bahari ya Adriatiki. Mwaka 1997 akapatikana Ufaransa, katika ghuba ya Quiberon. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Virginia, na mwaka 1999 akaonekana katika mlango wa mto La Plata, kati ya Argentina na Uruguay.

Konokono hatembei kutoka Uchina hadi Marekani. Amefikaje, basi?

Njia Aliyopita

Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanajua neno farumi. Jahazi lisilo na shehena huwa jepesi na laweza kupinduka. Kwa hiyo zamani manahodha walijaza mawe au mchanga chini ya chombo ili kitulie. Merikebu za chuma za siku hizi hazichukui mawe. Farumi yao ni maji ya bahari, yanayovutwa kwa pampu katika bandari zinapotoka, na kumwagwa katika bandari ziendako kupakia shehena.

Sasa msomaji na akumbuke makaa ya mawe. Merikebu inayokwenda Hampton Roads kuchukua makaa aghalabu hufika tupu, yaani imejaa farumi, na yapasa kuyamwaga maji hayo ndipo ipakie. Na mtoto wa Rapana, atokapo katika kifuko cha yai, si konokono wa kutambaa. Ni kiumbe kidogo mno kinachoelea majini kwa muda wa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini na kufanya kombe zito. Merikebu huweza kuvuka Atlantiki kabla muda huo haujaisha. Hivyo kiumbe kilichovutwa kwa pampu katika bandari moja chaweza kutolewa kikiwa hai katika bandari nyingine, na nahodha asijue kwamba alikuwa na abiria.

Uchunguzi wa damu na nasaba uliotangazwa mwaka 2008 ulitoa ushahidi wa kuunga mkono maelezo hayo. Wataalamu waliwalinganisha konokono wa Asia na wale waliokutwa ugenini. Wale wa Asia walikuwa na koo nyingi tofauti. Lakini wale wa Bahari Nyeusi, wa Ulaya na wa Virginia walionekana kuwa wa ukoo mmoja tu kwa upande wa mama. Maana yake ni kwamba hawakutoka Asia kila mara upya. Wale waliofika Bahari Nyeusi walizaa, na wajukuu wao wakachukuliwa kutoka bandari hata bandari.

Jambo lingine huenda lilimfungulia mlango. Hapo kale ghuba ya Chesapeake ilikuwa na konokono mdogo wa asili atoboaye chaza. Mwaka 1972 tufani iliyoitwa Agnes ilileta mvua kubwa mno. Mito ikafurika, chumvi ya ghuba ikapungua, na konokono hao wadogo wakafa karibu wote katika sehemu nyingi. Wavuvi walishukuru. Lakini nyumba iliyohamwa haikosi kupata mpangaji, na mpangaji aliyekuja alikuwa mkubwa zaidi. Tena wasidhani Wamarekani kwamba wao ni wa kudhulumiwa tu: konokono huyo huyo mdogo alikuwa amepelekwa Uingereza pamoja na chaza wa biashara mwanzoni mwa karne ya ishirini, akawasumbua wavuvi wa Essex.

Wavuvi Waitwa Kusaidia

Wataalamu wa Gloucester Point walikuwa wachache, na ghuba ni kubwa. Kwa hiyo walifanya jambo la busara: waliwaomba wavuvi. Chuo kilitangaza kwamba atakayeleta Rapana, pamoja na habari ya mahali alipompata, atalipwa dola chache kwa aliye hai, na kiasi kidogo kuliko hicho kwa aliyekufa. Wanaume waliokuwa wakivua kaa na kome wakaanza kuweka konokono hao katika ndoo badala ya kuwarudisha majini. Kwa muda wa miaka kadhaa waliletwa maelfu.

Kwa njia hiyo ramani ikachorwa. Ilionekana kwamba mgeni amekaa hasa sehemu ya kusini ya ghuba yenye chumvi nyingi, na sehemu za chini za mito. Ilionekana pia kwamba anapenda kuwala wale kome wenye makombe magumu, ambao ndio waliokuwa riziki ya wavuvi hao hao. Na likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: kaa wale ambao hukaa ndani ya makombe ya konokono waliokufa walikuwa wamehamia katika makombe ya Rapana, na kwa kuwa nyumba hizo zina nafasi, wakawa wakubwa kupita kiasi kilichozoeleka. Kila mgeni huleta badiliko ambalo hata yeye hakulikusudia.

Hawakuweza kumwondoa. Kiumbe cha bahari kikisha kuzaa mahali, ni vigumu sana kukitoa, na Rapana yuko Chesapeake hata leo. Hata hivyo kazi ya wavuvi haikupotea, maana ni kwa macho yao kwamba adui alijulikana alipo, chakula chake na mipaka yake. Na mtu anayekuza chaza huweza kuwalinda kwa vizimba akijua anamlinda na nani.

Mgeni Apewa Jembe

Wazee husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Bahari Nyeusi walifanya hivyo. Tangu miaka ya 1980 wavuvi wa Uturuki, na baadaye wale wa Bulgaria, walianza kumvua Rapana na kuuza nyama yake Ujapani na nchi nyingine za Asia, anakoliwa kwa hamu. Aliyeharibu matuta ya kome akawa bidhaa. Hata hivyo wavu wa kumkokota huchimbua chini ya bahari na kudhuru viumbe vingine, wala fedha inayopatikana haikurudisha chaza waliopotea.

Kwa sababu ya mambo ya namna hii mataifa yalipatana mwaka 2004 juu ya sheria ya maji ya farumi, nayo ilianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Mwanzoni sheria hiyo iliagiza kwamba merikebu zibadili maji yao mbali na pwani, au ziwe na mitambo ya kuua viumbe vilivyomo kabla ya kuyamwaga; lakini tangu Septemba 2024 kubadili maji peke yake hakutoshi tena. Merikebu zitiazo nanga Kilindini nazo huchukua farumi, na pwani ya Afrika ya Mashariki ina chaza wake, kaa wake na wavuvi wake. Watu wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa zaidi, maana walikwisha kuona katika miaka ya 1990 jinsi gugu moja la majini, lenye maua mazuri, lilivyofunga magati na kuzuia ngalawa.

Katika habari yote hii chombo kilichofaa kuliko vyote kilikuwa daftari. Wale waliokokota wavu katika Hampton Roads walimtambua mgeni kwa sababu waliwajua wenyeji kwa majina, mmoja mmoja, kwa zaidi ya miaka arobaini ya kuhesabu. Mkulima ajuaye kila jani la shamba lake ndiye atakayeliona jani la kigeni likiwa bado moja.