Deni Langu kwa Mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha historia ya sayansi, nilitamka kwa uhakika kwamba Jua huwaka kwa mzunguko wa kaboni, naitrojeni na oksijeni. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: njia hiyo hutawala katika nyota kubwa, alisema; Jua letu huunganisha protoni kwa protoni. Nilimkatiza. Nilikuwa nimeegemea makala ya Hans Bethe ya mwaka 1939, na nani angebishana na Bethe? (Sisi wahadhiri huogopa mikono inayoinuliwa kuliko tunavyokiri.)

Bethe, aliyepoteza kazi Ujerumani chini ya utawala wa Hitler, alizijua njia zote mbili. Alichokosea ni mgao, kwani joto la kiini cha Jua alilidhania kubwa kuliko lilivyo. Kosa hilo si dogo: joto likipanda kidogo tu, mzunguko wa kaboni hushika kasi ya ajabu, ilhali njia ya protoni huongezeka taratibu. Kwenye nyuzi milioni 15 hivi za kiini cha Jua, protoni hubeba takriban asilimia 99 ya kazi. Nyota ikilizidi Jua uzito kwa kama theluthi moja, mizani hugeuka. Ile sehemu ndogo ya kaboni ndani ya Jua ilithibitishwa mwaka 2020 tu, kwa chembe za nyutrino zilizonaswa chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia.

Hesabu ya Bethe ilisahihishwa hadharani, na bado mwaka 1967 akatunukiwa Nobel. Mimi nilisahihisha daftari langu kimyakimya. Kijana yule alihitimu bila kusikia neno kutoka kwangu. Ikiwa unasoma hapa, ndugu yangu: ulisema kweli, nami nilikunyamazisha.